Jina Likishajulikana

Saskatoon, Kanada
10 Februari 1974

Dada Nabalayo,

Mulembe. Salamu kwako, kwa Baba Nafuna, na kwa Nafuna mwenyewe ambaye nasikia siku hizi anasema "hapana" kwa kila kitu, hata kwa chai. Mimi ni mzima isipokuwa masikio. Baridi ya huku humshika mtu masikio kwanza, kama mwalimu mkali. Familia moja ya kanisani imenipa kofia ya manyoya, nikiivaa nafanana na kondoo aliyesimama kwa miguu miwili. Mwambie mdogo wetu Lusweti tai yangu aliyonivua uwanja wa ndege naitaka nikirudi. Au siku hizi mafundi wa baiskeli wa Kawangware wanafanya kazi na tai? Mama yuko aje? Tangu Krismasi sijapata neno kutoka Kimilili.

Sasa lililonikalisha mezani. Masomo yamenoga. Mwalimu wangu anachunguza swali ambalo sikujua linaweza kuchunguzwa: mtu hujuaje kwamba hili ni jema na hili ni baya? Kujua huko kunatoka wapi? Wako wataalamu wanaosema mtoto huzaliwa mtupu, akafundishwa na fimbo na peremende. Wako wanaosema ni sauti ya baba tuliyoimeza tukiwa wadogo, ikaendelea kutugombeza tumboni hata baba akishazikwa. Mwalimu wangu anasema akili hupanda ngazi. Chini kabisa mtu huogopa kuchapwa. Akipanda kidogo, hutenda wema ili naye atendewe. Akipanda tena, anataka watu wa kwao wamwite mtu mzuri. Juu ya huyo yuko anayeshika sheria. Na juu kabisa, ngazi ya tano na ya sita, ambako wachache hufika, yuko anayefuata haki hata ikipingana na sheria na jamaa zake.

Ili kujua mtu yuko wapi, anapewa kisa, anaulizwa kifanyike nini na kwa nini. Jibu lenyewe si kitu, dada. "Kwa nini" ndiyo kila kitu.

Nisaidie. Waulize majirani wa Silanga kisa hiki, uniandikie walivyosema bila kuwasahihisha. Ni mwaka wa njaa. Mlinzi wa ghala la mahindi ameapa kumkamata kila mwizi. Anamkuta mama anachota mahindi kwa sababu mtoto wake yuko karibu kufa. Amkamate au amwache? Na kwa nini?

Nangoja jibu lako kuliko ninavyongoja jua.

Phanuel Khamala


Silanga, Kibera
24 Machi 1974

Phanuel ndugu yangu,

Mulembe. Barua ilifika ikiwa imelowa pembeni lakini maneno yote yalikuwapo. Hapa tunasukuma siku. Baba Nafuna anajenga ukuta wa watu huko Riruta, anarudi na simenti kwenye nyusi. Nafuna amepata jino la nyuma. Mama anaumwa miguu lakini mdomo hauumwi, kwa hiyo tujue yuko salama. Lusweti yuko huko kwake Kawangware. Hajapita hapa karibuni.

Niliwauliza kisa chako siku ile ile. Nduku muuza makaa alisema, "Amwache. Kesho mtoto wa mlinzi ndiye atakuwa na njaa." Baba Nafuna akasema kazi ni kazi, amkamate, lakini amfunge kamba legevu. Filister wa mlango wa pili nilikuwa naye shambani kando ya bwawa, tunachuma mboga ya sukuma. Akasimama na kisu mkononi.

"Huyo mama ni wa kwa nani?"

"Hana jina, Filister. Ni kisa tu."

"Basi hayuko. Mtu hana jina, nitamhukumu aje?"

Tulicheka sana. Sijui utamweka ngazi gani. Hayo yalikuwa mwanzo wa Machi.

Sasa keti. Unamkumbuka Filister, tumetenganishwa na ukuta wa udongo. Ndiye aliyenizalisha Nafuna, mvua ikinyesha, hakuna gari lingeweza kufika. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Omolo, kijana wa kazi ya mjengo, mrefu, mpole, anayecheka akiweka mkono mdomoni. Jumamosi moja Omolo alienda Kawangware kuchukua redio yake kwa fundi. Akawa anatembea nayo begani. Asubuhi hiyo kuna mtu hapo alikuwa ameibiwa redio. Mama mmoja akapiga kelele, "Mwizi!" Omolo akaogopa, akakimbia. Ukikimbia Kawangware umeshahukumiwa.

Walimpiga mpaka akaisha. Fundi alikuja mbio kusema redio ni ya kijana mwenyewe, akakuta wameshatawanyika.

Nilienda na Filister mochari. Sitaandika tulichoona. Walimpeleka Omolo nyumbani kumzika, na juzi Filister amerudi. Hali, halii. Anafagia mlango wake, akimaliza anafagia wangu.

Uliniuliza kisa, nami nakuuliza changu. Kuna mtu anajua jina la mmoja kati ya waliopiga. Mtu huyo ni jamaa ya aliyepiga. Aseme au anyamaze? Na kwa nini?

Nijibu upesi. Nafuna analia, naacha hapa.

Nabalayo


Saskatoon
14 Aprili 1974

Dada yangu,

Mulembe, na pole. Nimemkumbuka Omolo. Ndiye aliyenibebea sanduku mpaka barabarani siku ya kuondoka, akakataa kunywa hata soda. Mwambie Filister nimeinama kichwa huku niliko. Theluji imeanza kuyeyuka, barabara zimekuwa matope kama ya kwetu, na nimefurahi kuona matope. Mwagize Mama afunge miguu kwa kitambaa cha maji moto. Na Lusweti mbona haniandikii? Mwambie naanza kusahau sura yake.

Umeuliza, najibu waziwazi. Mtu huyo aseme. Aende polisi, au aende kwa Filister, lakini aseme. Haki isiyoweza kumgusa jamaa si haki, ni upendeleo uliovaa kanzu. Jiulize, dada: kama aliyepiga angekuwa mtu baki, kuna ambaye angesita? Hakuna. Basi udugu unaongeza nini juu ya ukweli? Hauongezi kitu. Omolo amekufa vile vile. Anayenyamaza kwa sababu ya damu yuko ngazi ya tatu, anataka watu wa kwao wamwite mzuri. Simlaumu, wengi hukaa hapo mpaka kufa. Lakini anaweza kupanda.

Mwalimu alisoma majibu ya Silanga, akafurahi. La Filister lilimshinda kupanga. Alisema huyo mama hakuelewa swali.

Mwambie mtu wako asiogope. Ukweli huuma mara moja tu.

Ni mimi, nikiwa na matope viatuni,
Phanuel


Silanga
12 Mei 1974

Phanuel,

Mulembe. Nafuna alikuwa na homa, imeshuka. Baba Nafuna hana kazi wiki hii, mvua imewazuia. Mama ametuma mahindi na wimbi kwa mtu wa basi.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, halafu nikaketi. Mtu wangu ni mimi. Aliyepiga ni Lusweti.

Alikuja Jumapili, siku moja baada ya yale, tukiwa tumetoka kanisani. Baba Nafuna alikuwa amepita kwa rafiki. Nikamwekea ugali na mboga, akaangalia tu. Nikamwambia, "Kula, si ni mboga ya shambani." Akasema, "Dada, mimi na wewe tusile sahani moja tena." Nikajua. Unajua kwetu aliyemwaga damu hali na watu sahani moja.

Aliniambia hivi. Alikuwa anakaza gurudumu. Akasikia mwizi, mwizi. Akakimbia na wenzake, spana iko mkononi bado. "Sikufikiria, dada. Mkono ulienda wenyewe. Nilimpiga kichwani, akaanguka, akageuka. Hapo ndipo nikaona ni Omolo." Nikamwuliza, na kama hangekuwa Omolo? Upande wa pili wa ukuta nilikuwa nasikia akina mama waliokuja kwa Filister wanaimba kilio, na ndugu yetu ameketi kwenye kiti ambacho Omolo mwenyewe alikitengeneza mguu.

Nimemficha Filister jambo hili na kila asubuhi ananifagilia mlango.

Sasa sikia lingine. Polisi wamemkamata mtu. Anaitwa Shivachi, mshona viatu wa hapo Kawangware, mtu wa kanisa letu. Huyo hakupiga. Alimlalia Omolo juu ili amkinge, akipiga kelele, "Mwacheni, mwacheni, mtamwua bure!" Walimpiga naye, wakamtoa. Watu walipokimbia yeye alibaki, akakipakata kichwa cha kijana. Polisi walipofika wakamkuta peke yake, shati limejaa damu. Wamempeleka rumande, kesi ya kuua. Kawangware nzima inajua, na kila mtu hajui kitu. Mkewe, Musimbi, ana mimba ya miezi ya mwisho. Jumapili alisimama kanisani akasema, "Kama kuna aliyeona, kwa ajili ya Mungu." Nilitazama miguu yangu.

Lusweti ndiye aliyemsukuma Shivachi akamtoa juu ya Omolo. Ameniambia kwa mdomo wake.

Kesi ya kuua ni kamba, Phanuel. Wewe ulisema ukweli huuma mara moja. Niambie tena, sasa unajua ni nani. Sijamwambia mtu mwingine, hata Baba Nafuna.

Nabalayo


Silanga
20 Juni 1974

Phanuel,

Mulembe. Sisi wazima. Musimbi amejifungua mtoto wa kike, baba yake bado yuko ndani.

Umenyamaza. Posta haijapotea, maana kalenda uliyomtumia Nafuna imefika.

Nabalayo


Saskatoon
28 Juni 1974

Dada mpendwa,

Mulembe. Naomba unisamehe kwa kuchelewa, mitihani ilinibana. Huku ni kiangazi sasa, jua linakataa kuzama, watu wanavua samaki mtoni na kuwarudisha majini wakiwa hai. Nimefurahi homa ya Nafuna imeshuka. Nimemwandikia Mama, sikugusia lolote.

Nimelifikiria jambo lile kwa utulivu, na naomba nawe ulifikirie kwa utulivu. Katika barua yangu ya Aprili nilizungumza kwa ujumla. Jambo lenyewe lina upande mwingine. Waliompiga Omolo ni wengi, na hakuna ajuaye pigo lililomwua ni lipi. Kumnyonga mmoja kwa kosa la hamsini si haki, ni kafara. Pia sheria inayonyonga, je, yenyewe ni ya haki? Anayesimama ngazi ya juu anaruhusiwa kuiuliza sheria hivyo. Kumbuka vilevile kwamba Omolo hatafufuka. Na huyo Shivachi, kwa kuwa hakupiga, mahakama itaona hivyo. Hakuna ushahidi, ataachiliwa tu, ni suala la subira. Ukisema, utakuwa umeongeza kifo bila kupunguza kingine. Na Mama, je? Lusweti ni kitindamimba wake. Una hakika moyo wake utabeba?

Kwa hiyo, dada, kunyamaza hapa si woga. Kunaweza kuwa uamuzi mkubwa zaidi wa haki. Nimeyapima pande zote.

Mwambie Lusweti asiende kazini kwa muda. Tena chomeni nguo alizovaa siku ile.

Phanuel


Silanga
4 Agosti 1974

Phanuel,

Mulembe. Mama mzima. Baba Nafuna mzima. Nafuna anakimbia huku na huko, anaingia kwa Filister bila hodi, na Filister amecheka mara ya kwanza tangu Machi. Nilisikia kicheko hicho kupitia ukutani.

Barua yako ya Aprili na ya Juni nimeziweka pamoja mezani. Kisa ni kile kile. Omolo ni yule yule, spana ni ile ile. Mwezi wa nne ulisema udugu hauongezi kitu. Mwezi wa sita umeniletea hoja kama gunia la viazi, zote zinaelekea upande mmoja. Kilichoongezeka katikati ni jina tu. Filister aliuliza huyo mama ni wa kwa nani, mwalimu wako akasema hakuelewa swali. Nadhani yeye ndiye aliyelielewa.

Sisemi ili kukuudhi, ndugu yangu. Mimi pia nilianza na moyo, nikaenda kutafuta sababu baadaye. Nilijiambia nanyamaza kwa ajili ya Mama. Halafu nikajiambia ni kwa ajili ya Nafuna. Siku nyingine nikasema Mungu anajua, yatosha. Sababu hazikuisha. Lakini nilikuwa nalala nikimwona Musimbi.

Jumamosi nilienda Kawangware. Nilimkuta Lusweti kibandani, amekonda, ndevu zimemea ovyo. Baiskeli zimepangwa ukutani hazijaguswa.

Nikamwambia, "Shivachi ana mtoto hajawahi kumshika."

"Najua. Napita njia nyingine nisionane na mkewe."

"Utapita njia nyingine mpaka lini?"

Akaanza kulia, mtu mzima, mafuta ya mnyororo yakichanganyika na machozi. "Dada, wote walipiga. Mbona mimi? Yule wa nyama alipiga na gongo. Baba Nyambura alipiga. Wote wako kwa kazi, wanacheka, wanakula. Mbona mimi ndiyo siwezi kula?"

Wewe unalo jibu? Wote walilelewa kwa fimbo. Wote walikuwa na baba. Wote husimama kanisani. Mmoja anakula nyama na mmoja chakula kinamkataa. Nipe ngazi inayoeleza hilo.

Nikamwambia aende mwenyewe, akieleza mwenyewe watamhurumia. Nikamwambia nitaenda naye, nitamshika mkono mpaka ndani. Akaniambia, "Nipe mpaka Jumatatu." Nikampa. Ni mtoto niliyembeba mgongoni, Phanuel. Nilipoondoka alinishika nguo, kama zamani nikienda mtoni.

Baba Nafuna nimemwambia. Akasema, "Damu ni damu, Mama Nafuna. Fanya unavyotaka, lakini mimi sijasikia."

Jumatatu ni kesho.

Nabalayo


SIMU YA MAANDISHI
Saskatoon, 19 Agosti 1974
NABALAYO. USIENDE POLISI. NGOJA BARUA. NAKUSIHI. PHANUEL


Silanga
8 Septemba 1974

Phanuel,

Mulembe. Simu yako ilipofika nilikuwa nimeshatoka polisi.

Jumatatu ile nilimkuta Lusweti ameondoka. Kibanda kimefungwa kwa waya. Jirani akaniambia alibeba mfuko akaenda stendi. Alikuwa amekimbilia kwa Mama. Nikangoja wiki moja nikidhani atarudi, halafu nyingine. Mama akatuma mtu na ujumbe, "Mtoto wangu yuko nyumbani anapumzika, usimsumbue." Kwa hiyo amemwambia, na Mama amemficha.

Wakati huo Musimbi alirudi kutoka kumwona mumewe. Shivachi anakohoa damu. Amelala sakafuni miezi yote hiyo. Musimbi alikuja kwangu, kwa kuwa mimi ni mama wa kanisa, akaniomba nimshikie mtoto apate kulia vizuri. Nikamshika. Mtoto alikuwa mwepesi mno. Nikamrudishia, nikavaa leso, nikatoka.

Sikwenda moja kwa moja polisi. Nilianza kwa Filister. Alikuwa anachambua mboga. Nikapiga magoti. Nikasema, "Aliyempiga Omolo na spana ni ndugu yangu Lusweti. Nimejua tangu Machi."

Hakupiga kelele. Alitandaza mboga, jani moja moja, mpaka zikaisha. Akauliza, "Machi?"

"Machi."

"Ulienda na mimi mochari, unajua?"

"Hapana. Mochari sikuwa najua. Nilijua kesho yake."

"Na mazishi ulinifungia mzigo, unajua."

"Ndiyo."

Akasema, "Toka, Nabalayo."

Nikatoka, nikaenda kituoni. Askari aliyeandika aliniuliza mara mbili kama huyo ni ndugu wa tumbo moja. Nikasema ni wa tumbo moja. Akaniangalia kama mtu anayetapika mezani.

Walimkamata Kimilili siku ya soko. Mama alishika gari la polisi, wakamburuta kidogo. Hajaumia. Ametuma neno kwamba nisikanyage kwake, na nikifa nisizikwe karibu naye.

Hayo ndiyo niliyoyafanya. Usiniulize kwa nini. Kila sababu ninayoishika inavunjika mkononi. Ni kwa ajili ya sheria? Siipendi. Ni kwa ajili ya Mungu? Nilimwomba aninyamazishe. Labda ni uzito ule wa mtoto, au wepesi wake. Sijui. Najua tu kwamba sikuweza kutofanya, na kwamba tangu nifanye sijapata amani niliyodhani iko juu ya ngazi yako. Huko juu hakuna mtu, Phanuel. Kuna upepo tu.

Nabalayo


Saskatoon
3 Novemba 1974

Dada,

Mulembe. Theluji imerudi. Nilipopata barua yako nilikasirika hadi nikaitupa chini. Nilikuita majina ambayo sitayaandika. Nimekaa mwezi mzima nikiandika barua za kukulaani na kuzirarua.

Mama ameniandikia kwa mkono wa mwalimu wa shule. Anataka niseme wewe si mtoto wa nyumba ile. Bado sijamjibu.

Wiki iliyopita ilikuwa zamu yangu kusimama darasani kueleza kisa na majibu. Nilieleza cha kwetu, bila majina. Wenzangu wakajadili kwa furaha. Mmoja akasema dada yuko ngazi ya tano, kaka wa ng'ambo yuko ya pili. Mwingine akasema hapana, kaka ametoa hoja nzito, ni wa sita. Mwalimu akaniuliza, "Na wewe unamweka wapi?" Nikasema huyo kaka hakuwa mahali popote. Alimwona mdogo wake amevaa tai, akaogopa, na hoja zikamfuata mbio kama watu wanaosikia "mwizi". Nikatoka nje bila koti.

Hili siliandiki ili unisamehe. Bado sijui kama ulifanya vema. Nikifikiri kamba, nakuchukia. Nikifikiri kikohozi cha Shivachi, najichukia. Hakuna kitabu kwenye maktaba hii kinachoniambia nishike chuki ipi.

Lusweti anakula?

Phanuel


Silanga
16 Februari 1975

Phanuel ndugu yangu,

Mulembe. Nafuna anasema sentensi nzima. Baba Nafuna amepata kazi ya kudumu. Mama sina habari zake. Ukimwandikia, usimpe mafundisho. Mwambie unavyoumwa, hilo atalielewa.

Kesi imekwisha. Lusweti alikubali kosa mwenyewe, akaeleza jinsi Shivachi alivyomkinga Omolo na jinsi alivyomsukuma. Jaji alisema ni kuua bila kukusudia. Hawatamnyonga. Amepewa miaka tisa. Wengine hakuwataja, alisema hakumbuki. Yule mwenye gongo bado anauza nyama.

Shivachi walimwachilia Oktoba, lakini aliingia hospitali badala ya nyumbani. Alimshika mtoto wake kwa muda wa majuma machache. Tulimzika kabla ya Krismasi. Musimbi alinisalimia kaburini kwa mkono, hakuniangalia. Kama ningesema Machi, Phanuel. Hilo ndilo nalibeba, na usijaribu kunipunguzia kwa karatasi.

Nilimwona Lusweti. Anakula, kidogo, peke yake pembeni. Aliniuliza kama namchukia. Nikamwuliza kama ananichukia. Tukacheka kidogo, halafu hatukucheka. Akasema huko ndani analala.

Filister alikuwapo siku ya hukumu. Jioni alikuja kwangu mara ya kwanza tangu siku ile ya mboga. Hakuketi. Akasema, "Nikikuona naona mkono wa ndugu yako. Nikikuona tena naona mtu peke yake aliniambia ukweli. Hao wawili kila asubuhi siwezi." Alikuwa ameshafunga vitu vyake. Nilimsaidia kubeba mpaka barabarani, hakukataa. Ameenda kwa dada yake Kisumu. Alimbusu Nafuna, mimi akanigusa bega, akapanda basi.

Shamba la bwawani nalima peke yangu. Chumba chake kimepata wapangaji, watu wa kutoka Machakos. Jana huyo mama alinikuta nachota maji, akanisaidia kujitwika, tukaanza kuulizana habari kama watu wanavyoulizana. Akaniuliza kwetu ni wapi, nina watoto wangapi. Akauliza kama nina ndugu.

Nikamwambia ninao wawili. Mmoja yuko Kanada, anasoma.

Akauliza, "Na huyo mwingine?"

Nikatua mtungi chini, nikamwambia.

Nabalayo